Pumzi ya mtu mnene: upasuaji wa tumbo unatibu nini, na nini hauugusi

Tangu puto la tumboni la kupunguza uzito lianze kuwekwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, habari za kupunguza uzito hospitalini zimetoka magazetini zikaingia saluni, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia. Wengi wanauliza bei. Wengine wanauliza kama ngozi itaning'inia. Wapo wanaouliza jambo jingine kabisa, tena kwa sauti ya chini: nikifanyiwa, pumzi itanirudia? Hawa ni watu wanaopanda ngazi za ghorofa moja Kariakoo, wakifika katikati wanasimama na kujifanya wanasoma simu. Ni watu wanaolala wakiwa wamekaa, mito mitatu mgongoni.

Jibu wanalopewa haraka ni "ndiyo, ukipungua utapumua". Si uongo, ila jibu hilo linatia magonjwa kadhaa katika kapu moja. Pumzi ya mtu mnene inaweza kubana kwa sababu mafuta yanakandamiza mapafu, kwa sababu koo linaziba usingizini, kwa sababu ubongo umelegea katika kuamuru pumzi, kwa sababu ya pumu, au kwa jambo lisilohusiana na unene hata kidogo. Kila moja linaupokea upasuaji kwa namna yake na kwa kasi yake, na mengine hayaupokei kabisa. Anayeingia chumba cha upasuaji bila kujua lake ni lipi anaweza kutoka, akapungua kilo 30, na bado akawa anahema.

Akiba inayoliwa kwanza

Tumchukue mama wa miaka 45 anayeuza vitenge Kariakoo, urefu mita 1.60, uzito kilo 110. Gawa uzito wake kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, unapata BMI ya 43. Kuanzia 30 madaktari wanahesabu uzito uliokithiri. Kuanzia 40 ni daraja la juu kabisa. Wenzake si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania, 28 walikuwa na uzito uliozidi au uliokithiri, na mijini hali ilikuwa nzito kuliko vijijini.

Mapafu ya mama huyu yenyewe yanaweza kuwa mazima. Shida ni pale yalipokaa. Chini yake kuna kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao ndio unaofanya kazi kubwa ya kupumua. Mtu akimaliza kutoa pumzi ya kawaida mapafu hayabaki matupu. Hubaki na hewa ya akiba inayoweka wazi vijia vidogo kabisa vya chini. Sasa mafuta ya tumbo yanakisukuma kiwambo juu, mafuta ya kifua yanalalia mbavu, na kinacholiwa kwanza ni ile akiba. Ujazo mzima wa mapafu hupungua kidogo tu. Ndiyo maana mama akibanwa pua kwa kibanio na kupuliza kwenye mashine ya spirometri mpaka macho yanamtoka, majibu yanaweza kuja karibu na ya kawaida. Anaambiwa mapafu hayana tatizo, anarudi nyumbani akiamini, na mumewe akiamini zaidi, kwamba anadeka.

Hadeki. Akiba ikiisha, vijia vya chini vinafunga mapema kila anapotoa pumzi. Damu inaendelea kupita pale, lakini hewa haifiki, kwa hiyo damu inarudi moyoni bila kuchukua oksijeni ya kutosha. Misuli ya kupumua nayo inanyanyua kifua kizito kwa kila pumzi, na sehemu ya oksijeni anayoivuta inaishia kulipia kazi ya kuivuta. Akilala chali mambo yanazidi, maana tumbo lote linaegemea kifua. Kuna kipimo cha bure ambacho daktari mzoefu hakikosi. "Mama, hebu lala chali kidogo." Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kinasoma 96 alipokuwa amekaa, baada ya dakika chache kinasoma 92, naye keshaanza kutafuta pa kushika ili ainuke.

Hili la kukandamizwa ndilo upasuaji unalolitibu vizuri kuliko mengine yote, na sababu iko wazi: ukiondoa mzigo, kilichokandamizwa kinafunguka. Akiba inarudi kadiri kilo zinavyoondoka. Mgonjwa huligundua kwenye mambo madogo kabla hajaliona kwenye vipimo, kama vile kufunga kamba za viatu bila kushika pumzi, au kutoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani mpaka dukani bila kupumzika njiani.

Usiku ni habari nyingine

Kwetu mtu akikoroma tunasema amelala usingizi wa pono. Kwa mtu mnene mara nyingi ni kinyume chake: usingizi wa kweli haupati. Mafuta hayakai tumboni tu, yanaingia hata ndani ya ulimi na kuzunguka koo. Usingizi ukikolea misuli ya koo inalegea, na njia ya hewa inakuwa kama mrija wa karatasi uliolowa juisi: ukivuta kwa nguvu, kuta zinakutana. Kukoroma kunakatika ghafla. Kifua kinahangaika lakini hewa haiingii. Sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi ya nusu dakika, kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa na kuanza upya, bila kukumbuka lolote asubuhi. Anayekumbuka ni wa ubavuni pake.

Wataalamu huhesabu pumzi inakatika au kufifia mara ngapi kwa saa. Mara 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ya kati, na kuanzia 30 ni kali. Maana yake koo linaziba angalau kila dakika mbili, usiku kucha. Mchana wake ni kichwa kizito asubuhi, presha inayogoma kushuka japo dawa zimeongezwa, na kusinzia kwenye usukani katika foleni ya Barabara ya Morogoro. Wenye dalili hizi wengi hawajawahi kupimwa. Njia rahisi ya kuanza ni futi ya fundi cherehani: shingo inayozidi sentimita 40, ukiongeza mkoromo, presha na uchovu wa mchana, inatosha kumpeleka mtu kwa daktari akaulizie kipimo cha usingizi.

Tiba yake inayojulikana ni mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisifunge. Inafanya kazi kweli, ila haipendwi. Ina bei, inahitaji umeme usiku kucha, na kuvaa barakoa ya plastiki katika joto la Februari la Dar es Salaam si jambo la kumwambia mtu kirahisirahisi. Haishangazi kwamba wengi wanatamani kuliondoa tatizo lenyewe kwa upasuaji.

Hapa ndipo ahadi inapotakiwa kupunguzwa makali. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya jaribio la Australia lililogawa watu 60 wenye uzito uliokithiri na tatizo hili makundi mawili: wengine walifungwa mkanda kwenye tumbo la chakula, wengine wakapewa lishe na ushauri wa kawaida. Baada ya miaka 2, waliofungwa mkanda walikuwa wamepungua wastani wa karibu kilo 28, wenzao kilo 5. Tofauti kubwa. Lakini kukatika kwa pumzi kulipungua kwa takribani mara 25 kwa saa upande mmoja na mara 14 upande wa pili, na kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema kundi moja limelishinda jingine. Kilo za mwanzo zinafanya kazi kubwa kuliko zinazofuata. Na zaidi ya hapo kuna umbo la taya, umri na misuli ya koo, vitu ambavyo kisu cha tumboni hakivifikii.

Mkanda ule siku hizi umeachwa na wengi, na upasuaji unaofanyika sasa unapunguza kilo nyingi zaidi, kwa hiyo matokeo ya leo kwa kawaida ni mazuri kuliko hayo. Wengi wanatoka hali kali kwenda nyepesi, na baadhi wanapona kabisa. Ila kosa ninaloliona likirudiwa ni mtu kuweka mashine kabatini siku mkoromo unapotulia. Mkoromo unaweza kupungua sauti na koo likaendelea kuziba. Kinachotoa ruhusa ya kuacha mashine ni kupimwa upya usingizini, uzito ukishatulia. Na uzito ukirudi, koo nalo linarudi palepale.

Ubongo unapozoea hewa chafu

Kuna hali ya tatu ambayo hata hospitalini huchelewa kutambuliwa. Kinachotusukuma kupumua kila wakati ni hewaukaa, ile hewa chafu tunayoitoa, kuliko oksijeni: ikijaa kwenye damu, ubongo unaamuru pumzi. Kwa baadhi ya watu wenye uzito uliokithiri, kazi ya kupumua inakuwa nzito mno na usiku unakuwa mbaya mno, mpaka ubongo unazoea kiwango cha juu na kuacha kulalamika. Leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe na ambayo kwa kawaida huchochea pumzi, inakuwa nyingi lakini ubongo hauisikilizi tena.

Kitabibu, hali hii inatajwa pale BMI inapofika 30 au zaidi, hewaukaa kwenye damu ikazidi milimita 45 za zebaki mtu akiwa macho, na hakuna sababu nyingine inayoeleza. Karibu 9 kati ya 10 wana lile tatizo la koo pia. Wengi wanagunduliwa wakiwa wameshalazwa: miguu imevimba, midomo imekuwa ya bluu, wanasinzia katikati ya sentensi. Wanatibiwa moyo, na moyo kweli umeshaumia, ila chanzo kiko kwenye pumzi. Kumwekea mtu wa namna hii oksijeni nyingi peke yake, bila mashine ya kumsaidia kupumua, kunaweza kumzidishia hewaukaa na kumtia usingizi mzito zaidi. Kinachonisikitisha ni kwamba dalili ya mapema inapatikana kwenye kipimo cha kawaida cha damu. Bikaboneti, chumvi ya damu inayopanda hewaukaa ikikaa juu kwa muda mrefu, ikiwa chini ya 27, kwa mtu ambaye hashukiwi sana, uwezekano wa kuwa na hali hii ni mdogo. Ikizidi hapo, apimwe gesi za damu.

Kwa hawa upasuaji si urembo. Mwongozo wa 2019 wa chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani unasema ili hali hii iondoke, mara nyingi mtu anatakiwa kupunguza asilimia 25 hadi 30 ya uzito wake na kubaki hapo. Kwa mama wa vitenge hizo ni kilo 28 hadi 33. Watu wachache sana wanafika huko kwa kupunguza ugali na kutembea ufukweni Coco, na wanaofika huwa hawakai. Angalia pia upande wa pili wa hesabu: akifika kilo 80, BMI yake itakuwa 31. Majirani watasema bado mnene, na chati itakubaliana nao. Hata hivyo, pumzi yake inaweza kuwa imeshabadilika kabisa, na hilo ndilo lililomleta.

Pumu, kiungulia, na aina ya upasuaji

Pumu ya mtu mnene iko ya namna mbili, na kadi ya kliniki huziandika neno lilelile. Ipo ya utotoni, ya mzio, inayochokozwa na vumbi, ambayo unene umekuja kuizidishia makali. Na ipo ya ukubwani, iliyoanza baada ya kilo kuongezeka, bila mzio wowote, ambayo dawa za kuvuta huisaidia kwa shida. Hii ya pili inatokana na vijia vidogo kukandamizwa na kemikali za uvimbe zinazomwagwa na mafuta. Baada ya upasuaji, zote mbili huwa na dalili chache na hitaji dogo la dawa, lakini ni hii ya ukubwani ambayo njia za hewa zenyewe zinapunguza ukali wa kushtuka. Ya mzio inatulia bila kuondoka, inhela isitupwe. Halafu kuna kundi la tatu, ambalo lina pumu kwenye kadi tu. Likipimwa vizuri, pumu haipo, na miaka yote limekuwa likivuta dawa kwa ajili ya mafuta.

Kiungulia nacho kinaingia humu, kwa sababu asidi inayopanda usiku inachokoza koo na kuleta kikohozi na kubanwa. Ndiyo maana aina ya upasuaji ina uzito. Ule wa kukata tumbo likabaki kama mrija unaondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula, na sehemu inayotengeneza homoni ya njaa inaondoka nayo. Ni upasuaji rahisi zaidi kati ya miwili mikubwa, ila unaweza kuzidisha kiungulia, au kukileta kwa asiyekuwa nacho. Ule mwingine unatengeneza kifuko kidogo cha takribani mililita 30 na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, chakula kikikwepa sehemu kubwa ya tumbo. Huo kwa kawaida hupunguza kiungulia. Mwenye kikohozi cha usiku na kiungulia kikali aulize hili mapema, kabla tarehe haijapangwa.

Puto si upasuaji. Linaingizwa kwa njia ya mdomo, linajazwa, linakaa miezi kadhaa, mara nyingi 6, kisha linatolewa. Linapunguza mara nyingi karibu sehemu moja ya kumi ya uzito. Hiyo inatosha kurahisisha ngazi na kupunguza mkoromo. Kwa yule ambaye ubongo wake umezoea hewaukaa, haitoshi. Ila linaweza kuwa daraja, la kumpunguzia hatari kabla ya kisu. Sindano za kupunguza uzito nazo zimeingia kwenye mazungumzo haya: Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya tirzepatide kwa watu wenye uzito uliokithiri na koo linaloziba usingizini kwa kiwango cha kati au kikali, ya kwanza kuidhinishwa kwa kazi hiyo.

Na kuna pumzi ambayo hakuna kilo itakayoirudisha. Makovu ya kifua kikuu cha zamani hayayeyuki. Mapafu yaliyochakazwa na sigara, au na miaka ya kuchochea jiko la mkaa na kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha, hayajengwi upya na upasuaji wa tumbo. Vali ya moyo iliyoharibika itabaki vilevile. Haya yapimwe kwanza.

Siku yenyewe

Watu wanaogopa kisu. Mimi ningewaambia waogope zaidi nusukaputi na saa 24 zinazofuata. Mtu asiye na hewa ya akiba, akilazwa chali na kuacha kupumua mwenyewe, oksijeni yake inaporomoka haraka kuliko ya mtu mwembamba. Kwa hiyo anainuliwa kichwa na mabega, anavutishwa oksijeni kabla, na anayeweka mpira wa kupumulia awe mzoefu. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zinalegeza koo na kupunguza msukumo wa kupumua. Kwa mwenye tatizo la usingizi lisilojulikana, hapo ndipo ajali hutokea, wodini, usiku, upasuaji wenyewe ukiwa umeenda salama. Kama anatumia mashine ya usingizi, aende nayo hospitalini. Kisha kuna damu kuganda miguuni na kipande kupanda mpaka kwenye mapafu, moja ya sababu kubwa za vifo baada ya upasuaji huu. Ndiyo maana muuguzi anakusimamisha utembee siku hiyohiyo, ulie usilie, na unachomwa sindano za kuzuia damu kuganda.

Kwenye vituo vyenye uzoefu hatari hiyo ni ndogo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2009 ulikuta vifo 3 kati ya kila watu 1,000 ndani ya siku 30. Upande wa pili wa mizani, utafiti wa Sweden ulioanza 1987 ulionyesha kwamba baada ya takribani miaka 11, waliofanyiwa upasuaji walikufa kwa kiwango pungufu kwa karibu asilimia 29 kuliko wenzao waliotibiwa kawaida. Vigezo navyo vimelegezwa: kwa miaka 30 tulishika vile vya 1991, BMI 40, au 35 yenye ugonjwa mwingine, ila miongozo ya kimataifa ya 2022 inaanza na 35 hata bila ugonjwa, na 30 ikifikiriwa kwa mwenye kisukari au maradhi ya namna hiyo.

Baadaye kuna vidonge vya maisha yote: vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D. Wengi huvimeza mwaka wa kwanza wakiwa na furaha ya nguo mpya, kisha wanavisahau. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi, akiacha vidonge vya chuma, damu inapungua polepole, na upungufu wa damu unabana pumzi kwenye ngazi zilezile. Mwaka wa pili au wa tatu akianza kuhema tena ilhali mzani haujapanda, asikimbilie kwenye inhela wala mashine. Aanze na kipimo cha wingi wa damu.